Pua ya Bi Phena

Duka la dawa la Beddoe na Binti lilitimiza miaka mia moja mwezi wa Mei mwaka 1936, na mji mzima wa Kemberley ulijua, kwa sababu Hester Beddoe mwenyewe aliwatangazia watu majuma sita mfululizo, kisha akajutia kila neno. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mrefu, mchache wa maneno, miguu imemvimba kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na jambo moja la kumwambia mdogo wake, na alikuwa amelikalia miaka ishirini na tisa.

Duka lenyewe lilianzishwa na babu yao, Josiah, kwa chumba kimoja, mtungi wa ruba na pipa la dawa ya kuogeshea kondoo iliyonuka hadi kanisani. Mwanawe Enoch akaongeza chumba cha nyuma cha kuchanganyia dawa, ukuta mzima wa droo ndogo ndogo zenye vipini vya shaba, na dirishani akaweka zile chupa tatu kubwa za maji ya rangi, nyekundu, kijani na buluu, ambazo hazitibu kitu lakini bila hizo hakuna mtu wa Kemberley angekubali kwamba hapo panauzwa dawa. Enoch hakujaliwa mtoto wa kiume. Alijaliwa mabinti wawili na mke aliyefariki mapema, naye hakuwa mtu wa kunung'unikia alichopewa. Mwaka 1909 alimpandisha fundi rangi kwenye ngazi, akaandikisha juu ya mlango: Beddoe na Binti. Binti mmoja, yule aliyesomea London akafaulu mtihani, ambaye cheti chake kilitiwa kwenye fremu kikatundikwa juu ya mizani. Huyo ni Hester.

Binti wa pili, Tryphena, siku hiyo alikuwa chini, ameshikilia ngazi ili fundi asianguke.

Huko kwao binti mkubwa ndiye anayebeba jina la ukoo. Kwa hiyo wateja walimwita Hester "Bi Beddoe", na mdogo wake akabaki kuwa "Bi Phena", kama mtoto, hata nywele zilipoanza kuingia mvi. Yeye hakujali, au alisema hajali. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mcheshi, mwenye mikono myepesi ambayo haikuwahi kumwaga hata tone. Lakini hakuwa na cheti, na sheria ilikuwa wazi: asiye na cheti hauzi sumu wala hachanganyi dawa ya daktari, ila awe chini ya macho ya mwenye cheti. Kila vuli mzee Gittins wa shamba la mlimani alipokuja kununua sumu ya panya, Phena ilibidi amwite dada yake atie sahihi kwenye daftari la sumu. Na kila vuli mzee Gittins alirudia mzaha uleule.

"Bi Phena, humu ndani hakuna usichokijua. Lakini panya wangu ni wakaidi, hawafi mpaka dada yako aandike jina."

Phena alicheka kila mara. Hester hakucheka hata mara moja, na watu wakasema Bi Beddoe ana kiburi.

Ukweli ambao mkaguzi yeyote angeutolea macho ni kwamba Hester hakuwa amekagua kazi ya mdogo wake tangu mwaka 1911. Phena alipima, alisaga, alichuja, akabandika karatasi. Hester alitia sahihi akiwa anaongea na mteja mwingine. Hakukuwa na haja ya kukagua. Phena alikuwa na pua. Sisemi pua nzuri kama ya mpishi. Nasema pua ambayo ukimfumba macho na kumpitishia sanamaki ya mwaka huu na ya mwaka jana, atakwambia ipi ni ipi, na gunia lilikaa ghala kavu au lenye unyevu. Mwaka 1924 liliwasili debe kutoka kwa muuzaji wa jumla, unga wa mzizi wa kutuliza matumbo ya watoto wachanga, karatasi yake sawa, lakiri yake sawa. Hester akalipokea, akasaini, akafungua kifuniko. Phena alikuwa upande wa pili wa chumba akiosha kinu.

"Hiyo siyo," alisema, wala hakugeuka.

Haikuwa yenyewe kweli. Ulikuwa mzizi mwingine wenye rangi ileile, ambao kijiko chake kimoja kingetosha kumlaza mtoto asiamke. Hester alikaa chini kwenye kiti cha wateja. Mjini watu walipewa habari kwamba Beddoe na Binti wamegundua kosa la muuzaji, na sifa zikamwendea mwenye cheti, kama kawaida.

Phena alikuwa na tabia moja iliyowachekesha waliomjua. Kila asubuhi kabla ya kuvuta pazia la mlango, alifungua droo ya karafuu, karafuu za Unguja, akainama, akavuta pumzi moja, akaifunga. Hester chumbani kwake juu alisikia mlio wa ile droo kabla hajavaa viatu. Ndiyo iliyokuwa saa yake.

Sasa kuhusu mwandishi mmoja. Gazeti la mji, linalotoka kila Ijumaa, lilimtuma Bwana Pardoe aje aandike historia ya duka. Alikuja Jumatatu alasiri, mwanamume wa miaka arobaini mwenye wino vidoleni, akakaribishwa chai na keki ya kisibiti. Hester alimweleza habari za babu na ruba zake, za pipa la kondoo, za baba yao aliyejenga droo. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na Bwana Pardoe akaandika kwa adabu huku akijizuia kupiga miayo. Mwisho akamgeukia Phena, akamuuliza kama naye ana lolote la kuongeza.

"Mimi nina leso," Phena alisema.

Akainuka, akaenda kwenye droo ya chini kabisa, ile ambayo jina lake lilifutika zamani na Hester siku zote aliiona kuwa tupu. Akarudi na leso nyeupe ya mkononi iliyokunjwa mara nne, yenye herufi H iliyotariziwa pembeni kwa uzi wa buluu. Hester aliiona, na chai ikampalia.

Phena akasimulia. Baba yao alikuwa na uwezo wa kumpeleka mmoja tu London. Hakutaka kuchagua kwa umri wala kwa mapenzi, kwa hiyo akawaambia atawapima. Jumamosi moja ya mwaka 1907 alipanga visahani ishirini na vinne juu ya meza ya chumba cha nyuma: subili, manemane, mvuje, kafuri, sanamaki, mizizi, magome, mbegu. Angewafunga kitambaa machoni mmoja mmoja, wanuse, wataje. Siku nyingine zote Phena alikuwa akitaja vyote ishirini na vinne huku akiimba.

"Lakini asubuhi ile niliamka na mafua kidogo," aliendelea, "na huyu hapa, dada yangu, akanijia na hii leso. Ameilowesha mnanaa. Akaniambia, vuta, Phena, itakufungua. Nikavuta, nikavuta mpaka machozi yakanitoka. Nikaingia ndani, nikanusa, na wapi! Kila kisahani kinanuka mnanaa. Manemane mnanaa, mvuje mnanaa. Hebu fikiria, Bwana Pardoe, mvuje! Nikapata kumi na vitano. Yeye akapata ishirini na kimoja."

Bwana Pardoe aliacha kuandika, akauliza kama ina maana kuwa leso ndiyo iliyomwangusha.

"Ndiyo, lakini tulikuwa wasichana, nani angejua kuwa mnanaa unaifisha pua? Mimi mwenyewe nilijifunza baadaye sana. Yeye mwenyewe alikuwa na mtihani asubuhi ile ile, na bado alinikumbuka mimi na mafua yangu. Nani anafanya hivyo? Watu husema Bi Beddoe mkavu. Mimi nawaambia, hamumjui."

Bwana Pardoe alisema hiyo ndiyo makala yenyewe. Ruba wataingia kwa aya moja, lakini leso ndiyo watu watakayoikata na kuihifadhi. Akamwangalia Hester kwa heshima ambayo hakuja nayo. Hester alisema maneno machache ambayo baadaye hakuyakumbuka, akamsindikiza mpaka mlangoni, akashika fremu ya mlango mpaka moyo ulipotulia.

Maana Hester alijua. Usiku wa kuamkia mtihani, wakati Phena ameshapanda kulala, Enoch alimwita binti yake mkubwa akamwambia kwamba kesho asubuhi wasiguse mnanaa, wala kitunguu, wala ugoro. Kwamba wasichana wanaofunga peremende za mnanaa kiwandani hawanusi kitu mchana kutwa. "Mwambie na mdogo wako," alisema. Hester aliitikia, "Ndiyo, baba." Akapanda ngazi, akapita mbele ya mlango wa Phena, akasikia anavyopiga chafya, akaenda kwake. Alfajiri alishuka dukani akatoa kichupa.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na alijua hesabu vizuri. Phena angepata vyote, yeye asingepata vyote. Phena angepanda gari moshi la London na yeye angebaki Kemberley kuwafungia watu vidonge vya tumbo mpaka azeeke. Aliitaka London kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Nimesikia watu wakisema mtu hutenda ubaya bila kufikiri. Hester alifikiri, akahesabu, akalowesha.

Hata hilo angeweza pengine kulibeba, tuseme ni ujana. Lililomla maini ni la pili. Mwaka 1912, duka lilipostawi, Enoch aliweka kisu chake chini katikati ya kifungua kinywa akamwambia Phena kwamba sasa uwezo upo, aende naye akasome. Hester alikuwa mezani. Phena aliinamia sahani yake. Alisema hapana, baba, ahsante. Alisema pua yake ilimsaliti mara moja, na baba mwenyewe alisema siku ile ya mtihani kwamba pua inayokwenda likizo itaua mtu siku moja. Afadhali abaki chini ya macho ya dada. Enoch alisubiri kidogo, kana kwamba anatarajia mwingine pale mezani aseme neno. Hester alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Aliendelea kupaka mpaka kona zote zikaenea, na nafasi ikapita.

Tangu hapo akawa anafidia. Alimpa Phena chumba cha mbele chenye jua. Alimnunulia koti la manyoya ambalo Phena alilivaa mara mbili, akasema linamfanya aonekane kama sungura aliyepata cheo. Alimnunulia piano, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kuipiga. Baada ya mazishi ya baba yao, mwaka 1919, aliingia chumbani kwa Phena akaketi kitandani na kuanza, "Kuna jambo," na Phena, macho yamevimba kwa kulia, akamshika mkono akasema anashukuru Mungu kwamba amebakiwa naye. Basi Hester akasema jambo lenyewe ni kuhusu kubadilisha mapazia.

Na sasa Daktari Amphlett alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba moyo wake umechoka, na kwamba hesabu ni ya miezi. Mwanasheria naye alikuwa amemweleza lililofuata: siku ya pili baada ya mazishi duka litakuwa halina mwenye cheti. Litafungwa, au litauzwa kwa mgeni, na mgeni atakuwa na msaidizi wake. Phena, anayejua kila chembe ndani ya ule ukuta wa droo, hataruhusiwa hata kumuuzia mzee Gittins sumu ya panya. Na juu ya hayo yote, Ijumaa gazeti litaingia kila nyumba likimsifu Hester kwa leso.

Jumatano maduka yote ya Kemberley hufungwa saa saba mchana. Phena alikuwa chumba cha nyuma akisugua vipini vya droo, kikombe cha chai kando yake, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Hester aliingia akasimama. Alikuwa amejiandalia maneno tangu Jumatatu, na yote yakamkimbia.

"Phena, mwambie Pardoe aitoe ile habari ya leso."

"Kisa? Unaona haya kusifiwa? Utazoea, dada. Kaa, miguu yako hiyo."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba mnanaa unafisha pua. Baba aliniambia usiku wa jana yake. Akanituma nikwambie na wewe. Sikukwambia. Nikashuka alfajiri, nikalowesha leso, nikakuletea."

Phena aliweka kitambaa cha kusugulia juu ya meza, akakinyoosha kwa viganja. Hester alingoja kilio au tusi. Alikuwa tayari kwa chochote, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kifua kilimlegea, kwa sababu neno lilikuwa limetoka.

"Matone mangapi?" Phena aliuliza.

"Nini?"

"Uliweka matone mangapi?"

"Sita."

"Sita," Phena alirudia. "Mawili yangetosha."

Hester alianza kusema kwamba anaomba radhi, kwamba hajalala vizuri tangu siku ile, kwamba ni ujana na tamaa. Phena hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama droo ya karafuu.

"Unajua kwa nini huwa nanusa pale kila asubuhi?"

"Nilidhani ni mazoea tu."

"Naangalia kama ipo. Pua. Kila siku ya Mungu, kabla sijamgusia mtu dawa, nahakikisha haijaniacha tena. Siku nikiwa na mafua nilikuwa nakutafutia sababu nikae kaunta, wewe uchanganye. Nilikuwa naogopa nitaua mtoto wa watu. Hata nilipojifunza habari za mnanaa, hofu ilikuwa imeshakaa." Uso wake ukabadilika, na Hester akaona kwamba amefika pale ambapo yeye aliomba asifike. "Baba aliponiuliza. Mwaka wa kumi na mbili. Ulikuwepo mezani."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unapaka siagi."

"Phena..."

"Nilikutazama. Kabla sijainama nikasema hapana, nilikutazama wewe. Nikajiambia, kama dada anaona naweza, atasema." Alivuta pumzi. "Ungesema neno moja. Wala usingehitaji kukiri. Ungesema tu, nenda Phena, pua yako nzima. Basi."

Hester alivuta kiti, akaketi. Alisema bado kuna muda. Alisema amezungumza na mwanasheria, wanaweza kumwajiri mtu mwenye cheti kwa muda, Phena aende London hata sasa, asome, afanye mtihani, duka liwe lake.

"Nina miaka arobaini na minane. Masomo miaka mingapi siku hizi, mitatu? Na wewe daktari amekupa miezi." Phena alisema hayo bila ukali, kama anayesoma karatasi ya dawa. "Kwa nini umeniambia, dada?"

"Kwa sababu ni kweli. Kwa sababu sikutaka kufa nayo."

"Haya. Umeitua. Sasa ninayo mimi."

Akachukua kikombe chake, akakiosha, akakifuta, akapanda juu. Hakushuka kula. Hester alikaa chumba cha nyuma mpaka mwanga wa dirishani ukafifia, akijua sasa jambo ambalo hakulijua kwa miaka yote ya kujiandaa: kwamba alitamani kusamehewa kuliko alivyotamani Phena apate haki yake. Alijionea aibu hata akiwa peke yake.

Asubuhi ya Alhamisi alilala macho akisubiri mlio wa droo. Haukuja. Alisikia pazia likivutwa, kengele ya mlango, sauti ya Phena ikimsalimu mtu. Alivaa haraka, akashuka akishika ukuta.

Saa nne mzee Gittins aliingia na kikohozi chake cha kila mwaka na karatasi ya daktari. Phena akaenda nyuma, akachanganya, akarudi. Hakumpa mzee chupa. Aliiweka mbele ya Hester, pamoja na daftari, pamoja na kalamu iliyokwisha kuchovywa wino.

"Kagua, Bi Beddoe."

Hester alidhani amesikia vibaya. Katika maisha yao yote Phena hakuwahi kumwita hivyo. Hilo lilikuwa jina la wateja. Aliichukua kalamu, akaanza kuandika jina lake kama alivyozoea.

"Hujanusa," Phena alisema. "Sheria inasema ukague. Mimi sina cheti."

Mzee Gittins alitazama huyu, akatazama yule, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Hester alizibua chupa akaileta puani. Ilinukia urukususi, ule mzizi mtamu wa dawa ya kikohozi, na kitu kingine. Alijua kinapaswa kuwa nini kwa sababu kiliandikwa kwenye karatasi. Kwa pua asingeweza kuapa. Alisaini. Mchana ule zilipita chupa kumi na tatu, visanduku vinne vya vidonge na mkebe mmoja wa mafuta ya kuchua, na kila kimoja Phena alikileta, akakiweka, akasema maneno yaleyale kwa adabu ileile, akasubiri. Wateja walipanga foleni mpaka nje. Hester alinusa, akasaini, akanusa, akasaini, na kila mara alijua kwamba anachokagua amekitengeneza mtu anayejua mara kumi zaidi yake, na kwamba wote wawili wanajua.

Adhuhuri Phena alivaa kofia akatoka. Hester alimwona kupitia maji ya buluu ya dirishani akielekea ofisi ya gazeti, akashukuru. Makala itatolewa. Hilo angalau.

Ijumaa gazeti lilifika na leso ilikuwemo. Ilikuwa imeandikwa vizuri, ikiwa na mafua, visahani na mvuje, na mwisho Bwana Pardoe alisema kwamba nyumba ya biashara hudumu miaka mia kwa upendo wa namna hiyo. Mke wa mchungaji alikuja mwenyewe, akamshika Hester mikono yote miwili. Mwalimu wa shule alikuja. Watu waliokuwa wakimwona na kiburi walikuja kununua sabuni wasiyoihitaji ili wamtazame. Hester alisema ahsante, ahsante, mpaka neno likaisha ladha mdomoni. Walipobaki wawili aliuliza.

"Ulikwenda kwake jana. Nilidhani umemwambia aitoe."

"Nilikwenda kusahihisha. Alikuwa ameandika visahani ishirini na viwili."

"Lakini kwa nini umeiacha, Phena? Si kweli."

Phena alikuwa anakunja gazeti, polepole, mara mbili, mara nne.

"Huyo wa kwenye gazeti ndiye dada yangu," alisema. "Nimekaa naye miaka ishirini na tisa, nampenda, siwezi kumtupa kwa sababu wewe umechoka kubeba. Wewe nakufanyia kazi tu."

Akaenda chumba cha nyuma. Ilikuwa saa kumi, saa ya matone ya moyo ya Hester, ambayo Phena alimtengenezea kila juma tangu ugonjwa uanze, na ambayo Hester alikuwa akiyameza bila hata kutazama kijiko. Alisikia glasi ikigusa glasi. Phena alirudi na kichupa kipya, kijiko, daftari na kalamu, akavipanga mbele yake kama alivyompangia kila mteja.

"Kagua, Bi Beddoe."

Hester alikitazama kile kichupa. Dawa ile ni ya mmea wa sumu. Ikizidi kidogo moyo husimama, ikipungua hausaidiki. Hakumwogopa Phena, hilo nataka lieleweke. Phena asingemdhuru hata paka wa jirani. Alizibua kwa sababu aliambiwa akague, na alikuwa amekwisha jua kwamba kutii ndicho kitu pekee anachoweza kumpa sasa. Akanusa. Ilimjia pombe tu, na chini ya pombe, kwa mbali sana, kitu kama mnanaa. Huenda ni ule kidogo wanaotia kuondoa uchungu. Huenda ni kumbukumbu. Hakuweza kujua, na katika mji mzima alikuwepo mtu mmoja tu wa kumuuliza.

Aligeuka. Kengele ya mlango ilikuwa imelia, na Phena alikuwa kaunta akimpimia mwanamke mmoja kafuri, anacheka naye. Hester alisubiri kidogo. Kisha akaandika jina lake kwenye daftari, akahesabu matone kumi, akanywa.